Doa Juu ya Mlango wa Bafu

Doa lilianza na upana wa sarafu, juu ya mlango wa bafu langu, limekolea kama chai kavu. Nililiona Jumatatu nikipiga mswaki. Kufika Ijumaa, hata sahani isingelifunika.

Jina langu ni Normadiah binti Yeop Sidek. Nilifundisha sayansi shule ya msingi hapa mjini Ipoh, Malaysia, kwa miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu wa majengo ya Taman Seri Melur hawaniiti jina, wananiita Mwalimu. Nalisema hili mapema kwa sababu ningekuwa mtu mwingine, wangenibishia, na jambo lenyewe lisingefika lilikofika.

Jengo letu lina ghorofa tano na halina lifti. Mimi nakaa ya tatu, peke yangu tangu mume wangu afariki. Juu yangu, ghorofa ya nne, anakaa Letchumi na baba yake, Mzee Ponnusamy. Letchumi nilimfundisha darasa la nne. Sasa ana miaka arobaini na kitu na anafanya kazi kiwanda cha glavu. Baba yake alikuwa mtu wa reli, mwongoza ishara za treni, mzee nadhifu ambaye zamani alikuwa akishuka ngazi asubuhi nywele zimechanwa kwa mafuta na shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, na sikio la upande huo nalo likafa. Tangu hapo binti yake ndiye anayemwogesha, kila jioni akirudi kazini.

Hayo yote niliyajua. Bafu lao liko juu ya bafu langu, na jioni nilikuwa nasikia ndoo ikiburutwa, kata ikigonga ukingo, maji yakimwagika sakafuni.

Basi mimi, mwalimu wa sayansi, nikachukua penseli na ngazi. Nikalizungushia doa mstari, nikaandika tarehe. Siku ya pili mstari mwingine. Nikafungua daftari: saa ngapi nimesikia maji juu, saa ngapi nimegusa dari na kuikuta mbichi. Baada ya siku tisa jibu likawa wazi kama ubao uliofutwa. Asubuhi dari kavu. Mchana kavu. Saa kumi na mbili na nusu jioni maji yanaanza juu, saa moja kasoro dari imelowa. Kila siku. Hata siku moja haikukosa.

Nikapanda juu na daftari langu.

Letchumi alifungua mlango akiwa bado na sare ya kiwandani. "Mwalimu! Karibu. Kuna nini?"

"Bafu lenu linavuja kwangu."

Nilimwonyesha kurasa. Hakuuliza hata swali moja. Alizitazama kama alivyokuwa akitazama daftari lake likirudi na wino mwekundu.

"Samahani sana, Mwalimu. Nitatengeneza."

Jumamosi ile nilimsikia juu akikwangua. Alikuwa akipaka gundi ya kuzuia maji kwenye maungio ya vigae, yeye mwenyewe, amepiga magoti. Jumatatu dari ikalowa tena. Nikapanda tena. Akasema samahani tena. Na huku nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, Mzee Ponnusamy aliinua mkono wake mzima kunisalimia. Mimi nilikuwa na hasira, sikumjibu.

Wiki ya tatu ubao wa dari ulianza kuvimba. Siku hiyo mchana nilipiga picha, nikaingia kwenye kundi la wakazi kwenye simu, lenye watu mia na kitu kutoka majengo yote manne, nikaandika maneno ambayo bado nayajua kwa moyo: "Hii ni dari ya bafu langu. Ndiyo hali ya kukaa chini ya watu wanaoogeshana sakafuni kama wanaoosha lori. Uchafu wao unatudondokea vichwani. Wahusika wanajijua."

Sikutaja jina. Nilijiona mstaarabu kwa kutotaja jina. Kabla ya chai ya saa kumi, watu thelathini na mmoja walikuwa wameshaweka dole gumba. Mmoja akaandika, "Pole Mwalimu, watu wengine hawafai kuishi ghorofani." Mwingine akauliza nyumba namba ngapi, na mwingine akamjibu.

Letchumi hakuandika kitu.

Siku mbili baadaye nikasikia nyundo. Alikuwa ameleta kibarua, wakavunja sakafu yote ya bafu. Jioni alishuka mlangoni kwangu, vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Mwalimu, kibarua anasema chini ya vigae ni pakavu. Hakuona mahali panapovuja."

"Kibarua wa bei gani huyo?" nikamuuliza. "Wa rahisi, si ndiyo? Hajui anachotafuta."

Akainama. "Basi hatutaoga humo kwanza. Tutafunga maji mpaka tujue."

"Itakuwa vizuri."

Ndivyo nilivyomjibu. Nikafunga mlango.

Kelele za maji juu zikakoma. Nilisubiri siku nne nikitegemea dari ikauke, ikalowa jioni zote nne. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza. Mimi niliandika kwenye daftari: *Wanaoga kwa siri, wanamwaga polepole nisisikie.* Nikakutana na Letchumi kwenye ngazi, nikamwambia mbele ya jirani wa pili, "Usiniongopee, Letchumi. Doa limeongezeka. Hata ulipokuwa mdogo hukujua kuongopa."

Alikuwa amebeba ndoo yenye taulo ndani. Akasema, "Sijakuongopea, Mwalimu," akaendelea kushuka. Nyuma yake alikuwa anakuja baba yake, amemkumbatia Dil Bahadur, mlinzi wetu Mnepali, hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika. Nikawaza moyoni: wanakwenda kupunga upepo huku dari yangu inaoza.

Kamati ya wakazi, ambayo nami nilikuwa mjumbe wake, ikasema ikiwa nataka walazimishwe kutengeneza upya, nilete barua ya fundi inayoonyesha chanzo. Ndipo nikamwita Foong. Nataka ieleweke vizuri: sikumwita atafute maji yanatoka wapi. Nilimwita aandike ninachokijua.

Foong alifika Jumamosi saa tisa alasiri, mzee wa miaka sitini na ushee, kaptula, ndala, begi la vyombo lililoshonwa na kushonwa tena. Alisimama chini ya doa akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Ala! Mwalimu, hii ni dari au ramani ya shamba?"

"Ni mistari yangu. Kila mstari ni siku moja."

"Sijawahi kupata mgonjwa anayekuja na faili lake." Akapanda ngazi, akatoa kidude cha kupimia unyevu chenye sindano mbili, akakichomeka kwenye ubao, mahali hapa, pale, tena pale, akisoma namba kwa sauti ndogo. Kisha akakwaruza ukingo wa doa kwa kucha.

"Linalowa, linakauka, linalowa, linakauka," akasema. "Tazama hii miviringo. Ingekuwa bomba lenye maji muda wote limepasuka, lingekuwa limelowa muda wote. Hiki ni kitu kinachofanya kazi kwa muda, kinapumzika."

"Ndicho ninachokwambia. Wakioga."

"Inawezekana," akasema Foong. "Twende juu tukaone."

Nilipanda nyuma yake nikiwa na daftari. Letchumi alitufungulia, akatutangulia mpaka bafuni, akasukuma mlango.

Nilitegemea unyevu. Nilitegemea harufu. Kilichokuwemo ni zege tupu, kijivu, limepasukapasuka, na vumbi limelala juu yake bila alama ya mguu. Vipande vya vigae vilikuwa vimepangwa pembeni kwenye magunia. Kwenye kona, kati ya koki na ukuta, buibui alikuwa amefunga utando.

Foong alichuchumaa, akagusa sakafu kwa kiganja, akachomeka sindano zake. Akatazama namba. Akachomeka tena.

"Dada, bafu hili halijatumika tangu lini?"

"Wiki tatu na siku mbili."

"Choo?"

"Choo kiko kule upande wa jikoni, chumba kingine."

"Mnaoga wapi?"

Letchumi alinitazama mimi kabla ya kumjibu yeye. "Mimi naoga kiwandani. Baba namshusha chini, chooni kwa walinzi, kule maegeshoni, kando ya chumba cha takataka."

"Kile kisicho na mlango?" akauliza Foong. Inaonekana alikijua.

"Mlango upo, ila haufungi. Nashika shuka lake la sarong liwe pazia. Dil Bahadur ananisaidia kumshusha na kumpandisha, na saa hiyo pikipiki ni nyingi, watu wanarudi kazini, lakini…" Akatupia jicho sebuleni. "Wiki hii amekataa kushuka. Namfuta kwa kitambaa."

Kwenye sebule Mzee Ponnusamy alikuwa amekaa amegeukia dirisha. Nywele zake hazikuwa zimechanwa. Sijui kama alikuwa anatusikia. Kitu pekee nilichofanikiwa kukisema kilikuwa, "Fanya kipimo, Bwana Foong. Fanya kipimo tuone."

Hata hapo, nisikilizeni, hata hapo bado nilikuwa naomba niwe nimesema kweli.

Foong aliziba tundu la sakafu kwa kizibo cha mpira, akafungulia koki, maji yakajaa mpaka kina cha vidole vitatu. Akatoa kichupa mfukoni, akadondosha rangi. Maji yakawa mekundu kama sharubati.

"Dada, usiguse mpaka niseme. Kama sakafu hii inavuja, Mwalimu atapata dari nyekundu. Mwalimu, una chai?"

Nilimpikia chai ya maziwa. Alikunywa vikombe viwili na mkate wa kaya, ile jamu ya nazi, akanieleza habari za mjukuu wake anayekataa kula samaki. Saa kumi na moja dari kavu. Saa kumi na mbili dari kavu. Foong aliweka kiti cha plastiki chini ya doa, akakaa na tochi kama mtu anayesubiri sinema. Mimi niliinuka kama ninavyoinuka kila siku, nikabonyeza swichi nyekundu nje ya mlango wa bafu, nikarudi jikoni kuosha vikombe.

Haukupita muda.

"Mwalimu, njoo."

Kulikuwa na tone limening'inia katikati ya doa. Likanenepa, likadondoka. Foong alilidaka kwa kiganja, akalimulika kwa tochi.

"Rangi gani hii?"

"Halina rangi," nikasema.

"Toa mkono wako."

Likadondoka tone la pili, mkononi mwangu. Lilikuwa vuguvugu.

"Juu wana hita?" akauliza Foong.

Nilijua hawana. Letchumi huchemsha birika akachanganya na maji baridi kwenye ndoo. Nilikuwa nasikia birika lao likipiga mluzi kila jioni.

"Umewasha nini sasa hivi pale nje?"

"Hita. Nawasha saa kumi na mbili na nusu nioge kabla ya magharibi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alilitazama daftari langu lililokuwa juu ya mashine ya kufulia, hakulishika. Akapanda ngazi, akakata ubao wa dari kwa kisu, mraba mmoja, akaingiza kichwa na tochi. Mimi nilibaki chini nikitazama magoti yake.

Nikaisikia sauti yake ikitokea darini. "Nani alifunga tangi hili la hita?"

"Mpwa wangu. Miaka mitatu iliyopita."

"Kafunga vizuri. Valvu ya usalama ipo, maji yakipata moto lazima iteme kidogo, ndiyo kazi yake. Akaweka na kipira cha kupeleka hayo maji nje. Kipira kimezeeka, kimechomoka. Kimelala hapa kama nyoka aliyekufa. Hakukwambia umwite akague?"

Aliniambia. Alisema, "Mama Mkubwa, mwaka ukiisha niite, vipira hivi havidumu." Mwaka uliisha, na wa pili ukaisha.

Foong aliteremka, akajifuta vumbi la jipsamu kichwani. Na wakati huo huo ikaja sauti ya Letchumi kutoka kwenye ngazi za nje. Alikuwa amesimama nusu ya njia, hakutaka kuja mpaka mlangoni kwangu.

"Mwalimu! Rangi imeonekana?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kumwambia pale pale, neno moja tu, hapana. Foong alinitazama. Na mimi nikapaza sauti, sauti ile ile ya darasani, nikasema:

"Bado tunaangalia!"

"Haya, Mwalimu." Ndala zake zikapanda.

Foong alianza kukunja waya wake polepole. Nilizima hita. Nikafunga mlango. Halafu nikasema jambo ambalo sijawahi kumweleza dada yangu wala mtoto wangu.

"Bwana Foong. Kwenye barua, si unaweza kuandika chanzo hakijulikani? Kwamba ni jengo, limezeeka? Wewe utaziba tu, litakauka, na kila mtu ataendelea na maisha yake."

Akaweka waya begini. "Mwalimu, mimi ni fundi bomba. Naandika maji yanakotoka. Ukitaka hadithi, mtafute mwandishi."

"Umri huu, Bwana Foong. Watu wote hawa wananijua."

"Na yule mzee kule juu wanamjua pia. Wanamjua mpaka mgongo, wamemwona anaogeshwa maegeshoni." Hakusema kwa ukali, na afadhali angekuwa mkali. "Kesho saa nne nakuja na kipira kipya. Nikimaliza napanda juu kuvuta yale maji mekundu. Kama hujamwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema kwa utaratibu."

Akaondoka. Chai iliyobaki kwenye birika ikaganda utando. Niliswali magharibi, na kwenye sijda sikuweza kuomba kitu chochote, niliona haya hata hapo. Miaka thelathini na mmoja niliwaambia watoto: ukitaka kujua kinachosababisha, badilisha kitu kimoja, vingine viache, na usisahau kujihesabu wewe mwenyewe unayefanya jaribio. Nilikuwa nimeandika saa za watu wengine kurasa kumi na nne. Saa yangu mimi sikuiandika popote.

Kesho yake, Jumapili, nilipanda saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Letchumi alipofungua, yote yakayeyuka.

"Si kwenu," nikasema. "Ni kwangu. Ni hita yangu. Ilikuwa hita yangu siku zote."

Alikuwa ameshika kitana.

"Kipimo kimeonyesha jana?"

"Jana. Ulipouliza nilikuwa nimeshajua."

Nilitegemea anifokee. Ningependa anifokee. Alisema tu, "Hamna neno, Mwalimu. Bora imejulikana," haraka, kama mtoto anayemrudishia mwalimu chaki iliyoanguka, na mimi nikaona kwamba mwanamke huyu wa miaka arobaini na kitu ananiogopa. Kwamba alivunja sakafu yake kwa sababu ananiogopa.

"Si hamna neno, Letchumi. Usiseme hamna neno."

Akakitia kitana mfukoni. "Basi mwambie baba. Mimi nimemwambia kila siku kwamba si sisi, haniamini tena. Anadhani ni yeye. Anasema yeye ndiye anayeleta matatizo nyumbani." Akasogea nipite. "Sema kwa nguvu. Upande wa kulia. Wa kushoto hausikii."

Nilivuka sebule nikapiga magoti upande wa kulia wa kile kiti. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na Jumapili asubuhi kwenye jengo letu milango yote iko wazi. Sikuomba ufungwe.

"Mzee Ponnusamy! Ni mimi, Normadiah wa chini!"

"Nakuona," akasema. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, yamelegea, lakini yalikuwa kamili.

"Maji hayakutoka kwenu! Yalitoka kwangu! Nilikosea! Nimekuja kuomba radhi!"

Kwenye ukumbi wa ngazi mtu aliacha kufagia.

"Uliandika kwenye simu kwamba mimi ni uchafu," akasema.

Nilimgeukia Letchumi. Alikuwa anatazama sakafu. "Alinilazimisha nimsomee," akasema. "Alinisikia nalia."

"Niliandika," nikasema.

"Sema kwa nguvu."

"Niliandika! Ndiyo! Ni mimi!"

"Miaka thelathini na minne nimefanya kazi reli," akasema Mzee Ponnusamy. Alipumzika, akavuta pumzi. "Makaa, grisi, mvua. Mke wangu alikuwa hai. Sikuwahi kuingia nyumbani kabla ya kunawa kule nje bombani. Hata siku moja. Muulize huyu." Mkono wake mzima uliinuka, ukashuka. "Safari hii wamenitazama watoto wa pikipiki. Mmoja alicheka."

Nilibaki magotini mpaka magoti yakauma.

"Haya," akasema mwishoni. "Nimesikia." Akageuza uso dirishani. Hakusema amesamehe, na mimi sikumwomba aseme.

Nilishuka, nikakaa kitandani, nikafungua kundi la wakazi. Niliandika mara tano. Mara ya kwanza ilikuwa ndefu, ina kiharusi cha Mzee ndani, ina umri wangu, ina mpwa wangu. Nikafuta. Mwishowe niliandika: "Doa kwenye dari yangu limetokana na hita yangu mwenyewe. Fundi amethibitisha jana. Nyumba ya juu yangu haikuwahi kuvuja. Nilimsingizia Letchumi na baba yake, Mzee Ponnusamy, na nikawatukana hapa. Walivunja bafu lao na mzee akaogeshwa maegeshoni wiki mbili kwa ajili ya uongo wangu. Nimewaomba radhi. Nanyi nawaomba mfute mliyoyaandika." Nikapeleka. Kati ya wale thelathini na mmoja, wanane walifuta. Mmoja akaandika, "Mwalimu naye!" na kicheko. Wengi hawakusema kitu, na kwenye ngazi wiki ile nilikuwa nikikaribia mazungumzo yanakatika. Nilijiondoa kwenye kamati kabla hawajaniambia.

Foong alikuja saa nne kama alivyosema. Alifunga kipira kipya dakika kumi na tano, akaziba dari kwa ubao mpya, akapanda kuvuta maji mekundu. Aliporudi nilimwomba aijenge upya sakafu ya bafu lao, na gharama ziwe zangu. Alikubali, akamuuliza Letchumi rangi ya vigae, Letchumi akasema vyovyote. Kutoka sebuleni Mzee akasema kijani, visivyoteleza.

Foong alisema itachukua siku sita mpaka saruji ikauke vizuri. Nikapata wazo, na nikalifurahia kuliko nilivyostahili. Nilikwenda dukani, nikanunua taulo mbili mpya, kubwa, na kigoda kifupi cha plastiki chenye miguu ya mpira, cha kukalia mtu bafuni. Nikasafisha bafu langu kwa burashi, ukuta hadi ukuta. Nikawasha hita mapema. Nikapanda nikamwambia Letchumi amlete baba yake kwangu siku zote sita, maji ya moto yapo, mimi nitatoka, nitakwenda msikitini nikae huko mpaka wamalize, funguo hizi hapa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, Mwalimu. Binamu yangu wa Bercham atakuja kumchukua na gari. Atakaa kwake wiki hii."

"Ngazi tatu, Letchumi… Kwangu ni ngazi moja tu."

"Najua. Nilimuuliza." Akatafuta namna ya kulisema, hakuipata, akalisema hivyo hivyo. "Amesema hapana. Kwako hapana."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa bado nimezishika zile taulo kifuani, na kigoda kikining'inia kwenye vidole. Sikujua niviweke wapi, wala niondoke vipi. Tukasimama hivyo mlangoni, mimi na mwanafunzi wangu, na ndani Mzee Ponnusamy akakohoa na kuuliza ni nani.

"Ni Mwalimu, Baba!" akajibu Letchumi.

Kisha akanyoosha mkono. Alikipindua kigoda, akabonyeza miguu ya mpira kwa kidole gumba mmoja mmoja, akakijaribu uzito.

"Kigoda nitachukua," akasema. "Taulo tunazo."